Nachelewa Kubadilisha Besi Makusudi, Ili Aendelee Kuongea

Kwako Anti Filister,

Nimekuwa nikisoma safu yako kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa karakana, nimekalia kiti cha mteja ambaye bado hajakuja kukichukua, na ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma ili nicheke matatizo ya wenzangu, kwa hivyo najua Mungu ananitazama sasa hivi nikiandika haya. Tafadhali usitaje jina langu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, sijaoa, natengeneza viti na meza hapa Kawangware, na wikendi ni mpiga besi katika bendi moja ya Kibera. Napiga besi mbili. Ya kwanza ni ya umeme, ile unaivaa kwa mkanda begani kama gitaa. Ya pili ni besi kubwa ya kusimama, ya mbao, ndefu kuniliko, ile unaishika kutoka nyuma kama mtu anayemzuia rafiki yake asipigane. Hii kubwa niliipata ikiwa imevunjika shingo, kwa kanisa moja lililokuwa linahama, nikaiunga mwenyewe na bado inalia vizuri. Kiongozi wetu Okeyo, ambaye ndiye mpiga gitaa, anasema nyimbo za pole pole za zamani zinataka sauti ya mbao na benga, yenye mwendo wa mbio, inataka umeme, na hapo hajakosea, maana ukijaribu kupiga benga na ile kubwa vidole vitatoka malengelenge kabla wimbo haujafika katikati. Kwa hivyo kila Jumapili mchana, tukipiga kwa hoteli moja ya bustani karibu na Ngong Road, mimi hubadilisha besi mara kadhaa pale jukwaani watu wote wakiniangalia.

Na kubadilisha si kitu cha kukurupuka. Lazima nishushe sauti kwanza, la sivyo spika zinapiga mlio kama tairi limepasuka na wazee wanamwaga soda, kisha nailaza ile kubwa kwa ubavu taratibu, kisha nachomoa waya, nachomeka kwa ile ya umeme, navaa mkanda, na vidole navyo lazima vizoee tena, kwa sababu kwenye ile kubwa noti zimekaa mbali mbali kama maboma ya kwetu Kitui na kwenye ndogo zimebanana kama nyumba za Mashimoni kule Kibera. Wakati huo wote bendi imenyamaza. Hapo ndipo Aluoch anapoingia.

Aluoch ndiye mwimbaji wetu. Wiki nzima anauza nguo Soko la Toi, Jumapili anaimba. Hakuna mtu alimwambia aongee, lakini siku ya kwanza nilipokuja na besi zote mbili aliona wateja wameanza kuangalia simu zao, akashika maikrofoni akasema, "Msiende. Huyu Mkamba anambembeleza mkubwa alale, ndio amchukue mdogo." Bustani nzima ikacheka. Mimi sikujua niweke uso wapi, lakini usiku nilijikuta natabasamu nikipiga mswaki.

Tangu siku hiyo ikawa desturi, nikiinama tu kulaza besi, Aluoch anaanza kisa. Aliwaambia juu ya mama mmoja aliyerudisha koti akidai hajalivaa, na huku picha zake za harusi, na koti, ziko kwa simu ya kila mtu Toi. Aliwaambia kwamba mimi nikialikwa kwa nyumba ya mtu nageuza kiti kwanza niangalie kimepigwa msumari wapi ndio nikae, na hiyo ni kweli, sijui aliona lini. Watu wakaanza kuja mapema ili wasikose visa vyake.

Sasa Anti, sikupanga kufanya mabaya. Jumapili moja nilikuwa nimemaliza, waya uko ndani, mkanda uko begani, na yeye alikuwa katikati ya kisa cha jirani yake na jogoo, nikaona si adabu kumkatiza, nikajifanya nakaza skrubu. Jumapili iliyofuata nikakaza tena. Baadaye skrubu ikawa ndiyo kazi yangu. Okeyo akaanza kunikunjia uso, akaniuliza baada ya shoo, "Buda, ni nini inakusumbua hapo?" Nikasema waya. Wiki iliyofuata akaja na waya mpya. Nikasema basi ni pale unapochomekwa, pamelegea. Akaniuliza, "Na si wewe ni fundi?" Nikamwambia, "Mimi ni fundi wa mbao, hiyo ni stima." Aliniamini, na hapo ndipo niliposikia vibaya, lakini sikuacha.

Utaniuliza kwa nini sikuongea naye tu, kama mtu mzima. Nje ya jukwaa mimi na Aluoch tunaongea kama wapangaji wa ploti moja, sasa, poa, mazoezi ni saa ngapi, haya. Yeye ana maneno ya haraka na mimi maneno yangu hufika mtu akishaenda. Pale jukwaani sikuhitaji kusema kitu. Nilikuwa nimeinama karibu na miguu yake nikisikia sauti yake ikianzia pale juu, na nilikuwa najua kwamba wiki nzima lazima alikuwa amefikiria atasema nini juu yangu.

Jumapili iliyopita Aluoch akashika maikrofoni kama kawaida. Halafu akasema, "Leo sina kisa." Watu wakacheka wakidhani ndiyo mwanzo wa kisa. Akasema, "Mamangu ni mgonjwa huko Siaya. Mguu umevimba, hatembei. Kila asubuhi nampigia ananiambia yuko sawa, na mimi namwambia niko sawa, na hakuna anayemwamini mwenzake." Hapo mtu mmoja pale nyuma bado alikuwa anacheka. Akaendelea, "Nawachekesha kila wiki. Hakuna hata mmoja ashawahi kuniuliza, Aluoch, na wewe uko aje."

Anti, mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa tayari kitambo. Wimbo uliokuwa unafuata unaanzishwa na besi, Okeyo alikuwa ashanipa ishara kwa kichwa, kilichobaki ni kugusa uzi wa kwanza tu wimbo uanze. Sikuugusa. Wallahi si kwa ubaya, nilikuwa namsikiliza, kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kitu ambacho si utani na sikutaka kikatike. Yeye akageuka nyuma kunitafuta nianze wimbo. Akaangalia waya, ulikuwa umechomekwa. Akaangalia mikono yangu, vidole vilikuwa juu ya nyuzi. Kisha akaniangalia usoni, akashusha maikrofoni.

"Kumbe uko tayari," akaniambia pole pole, watu wasisikie. "Kumbe siku zote huwa uko tayari."

Nilitaka kusema kitu, nikapiga besi. Aliimba wimbo wote akiangalia miti ya ng'ambo, na shoo ilipoisha akachukua mkoba akaenda bila kunywa chai, na huwa tunakunywa chai wote.

Jumanne hakuja mazoezini. Okeyo anadhani ni homa. Na huyo Okeyo, kwa roho yake nzuri, ameniambia ameshanipatia suluhisho: kuna jamaa wa Soweto East, huko Kibera, anaitwa Sifuna, anapiga besi ya umeme vizuri sana, ataanza Jumapili hii, mimi nitabaki na ile kubwa peke yake, "ndio usiteseke tena na hiyo waya." Kwa hivyo uongo wangu umeninyang'anya benga, na benga ndiyo ilinifanya nishike besi toka mwanzo, na tena tukiwa wawili hakutakuwa na kubadilisha, na kama hakuna kubadilisha Aluoch hana sababu ya kuongea, hata kama atarudi, na sijui kama atarudi.

Nimefikiria kuhama bendi. Nimefikiria kuuza ile kubwa. Nimefikiria kumwandikia Aluoch meseji, na nimeiandika mara nyingi, inaanza na "Hi" na inaishia hapo. Nifanye nini?

Mwenye besi mbili,
Kawangware

ANTI FILISTER ANAJIBU

Kaka yangu,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na majina ya wenzako yote nimeyabadilisha. Ila niambie, wanaume wanaotoka Kawangware kila Jumapili wakiwa wamekumbatia kitu cha mbao kirefu kuwaliko ni wangapi? Mama anayekuuzia sukuma wiki ashajua ni wewe. Nitakuita Kavoi tu, tusichoshane.

Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa Jumapili haingoji gazeti, nilikutumia jibu siku hiyo hiyo. Ndilo hili.

Kwanza pole. Kupenda mtu na kukosa maneno si ugonjwa mgeni, hata wenye midomo mikubwa huupata. Nimecheka hapo kwa skrubu, sitakuficha. Mwanaume mzima, fundi, umeinama Jumapili baada ya Jumapili ukikaza skrubu iliyokaza, watu wamelipa kiingilio, na Okeyo anazunguka River Road akikutafutia waya. Kama ungekaza meza zako hivyo, wateja wangekuimbia.

Lakini nimeacha kucheka pale Aluoch alipogeuka.

Wewe unasema ulikuwa unamsikiliza. Mimi nasema ulikuwa unamsikiza vile mtu husikiza redio akipiga randa. Redio haikuulizi umeshindaje na wewe huiulizi. Huyu dada amebeba ukimya wako mgongoni wiki baada ya wiki, anatafuta kisa kingine, anahakikisha watu hawachoki na wewe, na wewe umeketi hapo chini unakula utamu. Halafu siku aliyochoka, akageuka kutafuta mtu wa kumtoa pale mbele za watu, akakuta mtu huyo yuko tayari na hataki. Usiniambie ni mapenzi. Ni mapenzi, sawa, lakini mapenzi yako yalikuwa yanamwacha asimame peke yake, na hivyo ndivyo alivyoyaona.

Sasa nisikilize, na usiniambie waya.

Okeyo kwanza. Nenda leo, usingoje mazoezi, umwambie waya haukuwa na shida na pa kuchomeka hapakuwa na shida, shida ilikuwa wewe. Usitaje Aluoch zaidi ya inavyohitajika, yeye hakuomba kuingizwa kwa aibu yako. Okeyo akikasirika, mwache akasirike. Akisema Sifuna atakuja bado, Sifuna aje. Huyo jamaa ameitwa kwa heshima na ameacha mambo yake, hawezi kufukuzwa kwa sababu wewe umepata fahamu. Mpe nafasi, umsaidie kuzizoea nyimbo zenu.

Halafu uende Toi. Uende asubuhi, mchana kweupe, kama mtu asiyeogopa kuonekana. Uache besi nyumbani zote mbili, maana nakujua sasa, ukipata kitu cha kushika utakishika. Usibebe maua, atayaweka wapi, kwa nguo? Usimwambie unampenda. Siku hiyo si yako. Mwambie samahani, umtajie ni samahani ya nini, kisha umuulize mama anaendeleaje, na unyamaze hadi ajibu. Akikuambia uende, uende, na usisimame kwenye kona umwangalie.

Kuhama bendi ni kutoroka, na kuuza besi ni kumwadhibu asiyehusika. Hiyo meseji ya "Hi" uifute.

*

Hapo ndipo nilipoishia ile Jumatano, na sikutarajia kusikia kutoka kwako hivi karibuni. Umeniandikia tena, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji kilichotokea, kwa sababu kuna wengi wao wanaoishi na skrubu zao.

Okeyo hakucheka. Aliweka gitaa chini akakwambia, "Nilinyeshewa nikitafuta hiyo waya." Ukasema unajua. Akasema Sifuna anakuja na benga yote ni yake mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo mtaona. Ulimeza uchungu wako. Nimefurahi ulimeza.

Toi ulimkuta Aluoch akitundika blauzi. Alikuona, akaendelea kutundika. Ukasimama hapo katikati ya nguo mpaka mama mmoja akadhani wewe ndiwe muuzaji, akavaa koti akakuuliza linamkaa vipi, na wewe kwa ukweli wako mpya ukamwambia linambana mabega. Mama akalivua akaenda zake.

"Hata hapa umekuja kuniharibia kazi?" Aluoch akakuuliza.

Ukaomba msamaha, wa koti na wa ile Jumapili, ukamweleza yote, kuanzia kisa cha jogoo. Aliendelea kukunja nguo, hakukusaidia hata neno moja. Ulipomaliza akakuuliza, "Kwa nini hukuanza wimbo?"

"Nilikuwa nakusikiliza."

"Kila mtu alikuwa ananisikiliza, Kavoi. Nilikuwa nataka mtu anitoe pale."

Ukasema pole. Kisha ukakumbuka, nashukuru Mungu ulikumbuka, ukauliza mama anaendeleaje. Akakwambia mguu bado, anaogeshwa na jirani, na yeye Aluoch analala akiwaza maji ya moto yalivyo mbali na kitanda cha mama. Alisema hayo akiwa amekupa mgongo. Halafu akakwambia, "Haya, enda kazi," na ukaenda, na hukusimama kwenye kona. Unasema ulitaka sana. Naamini.

Jumapili alikuja. Ulipiga ile kubwa kwa nyimbo za pole pole, na benga ilipofika ukakaa kando kwa kiti cha plastiki ukiwa umeweka mikono magotini, Sifuna akapiga, na unakiri kwa uchungu kwamba anapiga vizuri. Hakukuwa na nafasi ya kuongea kati ya nyimbo, na Aluoch hakuongea. Mteja mmoja alipiga kelele akidai kisa cha jogoo, akamjibu kwa tabasamu tu. Ulipomtazama ukaona, kwa mara ya kwanza unasema, kwamba amechoka machoni, na ukashangaa ulikuwa unaangalia nini siku zote hizo.

Baada ya shoo alibaki kunywa chai. Alikuja akaketi karibu na wewe, sio karibu sana.

"Wewe siku hizi huna shughuli," akasema.

"Mpaka mwisho wa mwezi."

Akanywa chai. "Jumamosi nasafiri Siaya kumwona mama. Basi ni la asubuhi."

Ukakohoa. Maneno yako, ambayo kwa kawaida hufika mtu akishaenda, safari hii yalifika akiwa bado ameketi. "Nikusindikize stage?"

Akakutazama kwa muda, unasema mrefu, mimi nadhani ulikuwa mfupi. "Kuja mikono mitupu," akasema. "Mizigo ninayo."

Na sasa unaniuliza hiyo inamaanisha nini, kama anakupenda ama anatafuta mbebaji, na kama utavaa shati la kanisani.

Kavoi, inamaanisha ana mizigo. Mamake anapelekewa blanketi, na unga, na pengine beseni, na Aluoch ana mikono miwili tu. Vaa shati la kazi. Fika kabla yake. Chukua kilicho kizito zaidi bila kuulizwa, mfikishe mpaka ndani ya basi, mtafutie kiti cha dirishani, na mwambie amsalimie mama, umtaje mama kwa jina. Kama hujui jina la mama, una mpaka Jumamosi kuuliza.